Kugeuza banda la gari kuwa gereji ya pikipiki: nilivyofanya Kihonda

Kwa miaka 11 nilitengeneza pikipiki chini ya mwembe, pembeni ya barabara hapa Kihonda, Morogoro. Mvua ikianza nafunika injini kwa turubai, nakaa kusubiri. Jioni nabeba sanduku la spana begani hadi nyumbani. Na nyumbani kwenyewe kulikuwa na banda la gari ambalo marehemu baba alilijenga kwa matofali ya kuchoma kwa ajili ya Peugeot 504 yake. Gari liliuzwa zamani, banda likabaki na magunia ya mkaa, baiskeli mbovu na fremu za milango. Siku moja mama akaniambia, "Mwanangu, unapigwa jua kila siku na banda la baba yako limekaa tu." Wiki hiyohiyo nikaanza kupima.

Naandika kwa fundi mwenzangu mwenye banda kama hilo, au hata kwa mwenye pikipiki moja anayetaka pahali pake pa kuihudumia. Langu kwa ndani ni mita 3 kwa mita 5 na nusu. Ni dogo, lakini linatosha pikipiki mbili zilizo kazini na moja inayosubiri vipuri. Jambo moja ulishike kabla hatujaendelea: fedha yako ya kwanza usiipeleke dukani kununua vifaa. Ipeleke kwenye hewa, sakafu na mwanga. Spana utaongeza moja moja kadiri kazi zinavyokuja. Sakafu mbovu hutaibomoa tena ukishajaza vitu ndani, na hewa mbaya kwenye nyumba wanamolala watu haisubiri wewe upate fedha.

Anza na chaki

Toa kila kitu ndani, hata kile unachodhani kitabaki. Fagia, kisha ingiza pikipiki moja ya kawaida, Boxer au TVS, uisimamishe kwa stendi ya kati pale unapofikiri utakuwa unafanyia kazi. Chora sakafuni kwa chaki: mstari wa pikipiki, mstari wa meza, mstari wa rafu. Pikipiki hizi zina urefu wa mita 2 hivi, na usukani una upana wa karibu sentimita 80. Halafu igiza kazi. Chuchumaa upande wa klachi kana kwamba unafungua kava, hamia upande wa sumaku, toa gurudumu la nyuma, geuka uchukue spana mezani. Pale kiwiko kinapogonga ukuta, futa mstari uusogeze.

Mimi nilikaa na chaki siku tatu. Hesabu yangu ya mwisho ilikuwa hivi: upana wa banda ni sentimita 300. Meza ya ukutani inachukua 60, jukwaa la kupandishia pikipiki katikati linachukua 60, rafu za ukuta wa pili zinachukua 30. Zinabaki 150, yaani 75 kila upande wa jukwaa. Ndani ya sentimita 75 fundi anachuchumaa, anageuka na kunyanyuka bila shida. Ndani ya 50 atafanya kazi pia, ila jioni mgongo wake hautakubali. Kama banda lako lina upana wa mita 2 na nusu tu, achana na rafu kabisa, piga misumari ukutani utundike.

Pima pia njia ya kutoka nje hadi jukwaani. Pikipiki ina zaidi ya kilo 100, na siku nyingine inaletwa gurudumu la mbele halizunguki kabisa. Ukilazimika kuikata kona mbili ndipo ifike mahali pake, kila siku utakuwa unanyanyua kile ambacho ungesukuma. Jukwaa likae mstari mmoja na mlango.

Ukuta kati yako na wanaolala

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo nilipokosea, na kosa langu lilimpata mama.

Nilihamia bandani mwezi wa nne, masika imekolea, kabla sijarekebisha chochote. Mvua ikipiga nilikuwa narudishia mlango nusu ili maji yasiingie, huku injini inaunguruma nikisikiliza kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Haikupita wiki mbili mama akaanza kulalamika kichwa kila jioni. Akaenda zahanati, akapimwa malaria, hana. Akapewa vidonge vya maumivu. Jumapili, siku ambayo sishiki spana, kichwa hakikumsumbua. Jumapili ya pili vilevile. Dada yangu ndiye aliyeunganisha mambo. Aliniambia, "Kaka, mama anaumwa siku zako za kazi."

Nilipanda juu ya dari na tochi. Ukuta unaotenganisha banda na chumba cha mama ulikuwa umeishia usawa wa dari. Juu yake, chini ya bati, nyumba nzima ilikuwa wazi, unaona kutoka bandani hadi sebuleni. Moshi ulikuwa unapanda, unavuka ukuta, unashuka chumbani kwa mama kupitia maungio ya mbao za dari. Juu ya zile mbao kulikuwa tayari na utando mweusi.

Moshi wa injini ya petroli una kaboni monoksaidi. Hewa hiyo haina rangi wala harufu, na ikiingia kifuani inashika kwenye damu mahali ambapo oksijeni ingekaa. Ikiwa kidogo inaleta maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu. Ikiwa nyingi inaua, na aliyelala haamki kukimbia. Chini ya mwembe sikuwahi kuiwaza hata siku moja, maana upepo ulikuwa unaiondoa. Nyumba nyingi zetu zimejengwa kama ya baba: ukuta unaishia kwenye dari, juu pako wazi. Kwa hiyo kabla ya kitu kingine chochote, panda juu ya dari uangalie kwa macho yako.

Nilifanya hivi. Kwanza niliacha kuwasha injini ndani, siku ileile. Kisha fundi ujenzi akapandisha ukuta wa kati kwa matofali hadi kugusa bati, akajaza mchanganyiko wa simenti na mchanga kwenye kila bonde la bati, akapiga plasta pande zote mbili. Usikubali ukuta wa plasta upande mmoja tu, kwa sababu tofali la kuchoma lina vinyweleo na maungio yake yana nyufa usizoziona. Mlango mdogo uliokuwa ukitoka bandani kuingia ukumbini niliuziba kwa tofali moja kwa moja. Watu walinisihi niubakize kwa ajili ya usiku. Nilikataa. Mlango unaofunguka ni mlango utakaosahaulika wazi, na sasa nikitaka kwenda ndani nazunguka nje kama mgeni.

Baada ya ukuta, matundu. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini sakafuni. Moshi wenye joto unaotoka kwenye ekzosi, yaani bomba la moshi, unapanda juu. Kwa hiyo unahitaji matundu ya aina mbili: matofali ya matundu yaliyowekwa sentimita 15 tu kutoka sakafuni, na mengine juu karibu na bati, tena kwenye kuta zinazotazamana ili upepo uingie huku utokee kule. Hapa kwetu upepo wa jioni unashuka kutoka upande wa milima ya Uluguru, nikaweka ya chini upande huo. Funika kwa wavu wa chuma wa matundu madogo, la sivyo panya watakula mipira ya kabureta na nyaya.

Ukimaliza, jaribu. Mimi nilifunga mlango na madirisha ya banda, nikachoma udi wa kutosha, nikaenda kukaa chumbani kwa mama saa nzima pua juu. Mara ya kwanza nilisikia harufu kwa mbali kwenye kona moja. Tulirudi juu ya dari, tukakuta fundi ameacha bonde moja la bati bila kulijaza. Tulilijaza, nikachoma udi tena, safari hii hakukuwa na kitu. Vipo pia vidude vidogo vya betri vinavyopiga kelele vikihisi kaboni monoksaidi. Ukipata kimoja kinunue, ukitundike chumba cha jirani na gereji. Na hata hivyo vyote vikiwepo, injini inayowashwa kwa zaidi ya dakika moja, ekzosi yake ielekee nje ya mlango, au pikipiki yote itoke uani. Mama hajalalamika kichwa tena tangu mwezi wa sita ule.

Sakafu

Sakafu ya baba ilikuwa simenti nyembamba iliyopasukapasuka. Gari halikujali, pikipiki inajali. Ukifungua kabureta, sindano inayoning'inia ndani ya slaidi imeshikwa na klipu ndogo kuliko punje ya mchele, umbo lake kama herufi C. Ilinichomoka vidoleni, nikaisikia imegonga sakafu mara moja, kimya. Nilipiga magoti kuanzia saa nane hadi jua linazama, nikichokonoa nyufa kwa waya wa spoku. Mwenye pikipiki alikuwa amekaa mlangoni, siku yake ya kazi imekwisha, na kila abiria aliyemkosa alikuwa hasara yangu pia. Klipu niliipata siku ya kuvunja sakafu, imejibanza kwenye ufa pamoja na washa mbili, vile visahani vya chini ya nati, na mpira wa valvu.

Vunja simenti yote, usimwage mpya juu ya iliyopasuka. Sawazisha kifusi, kimwagie maji, kishindilie hadi kisigino kisiache alama. Juu yake tandaza nailoni nzito ili unyevu wa ardhini usipande, halafu mwaga jamvi la zege la inchi 3. Uwiano ni simenti 1, mchanga 2, kokoto 4. Kwa banda langu la mita za mraba 16 na nusu ilikwenda mifuko 8 ya kilo 50, na miwili zaidi kwa umaliziaji. Simamia maji mwenyewe. Mafundi wanapenda zege laini kama uji kwa sababu linasambaa lenyewe, lakini maji yakizidi sakafu inakuwa dhaifu na inatoa vumbi maisha yake yote, na vumbi hilo ndilo litakaloingia kwenye silinda uliyoifungua.

Mteremko uwe sentimita 1 kila mita, kuelekea mlangoni. Usichimbe shimo la maji katikati ya gereji. Petroli iliyomwagika itakwenda kukaa humo na mvuke wake utakusubiri. Sakafu yangu imekuwa juu ya uwanja kwa sentimita 15, na mbele ya mlango nilimwaga njia ya mteremko yenye urefu wa sentimita 120, ikakwaruzwa kwa ufagio mgumu ili tairi lisiteleze wakati wa mvua. Mbele yake kuna mfereji mdogo unaopeleka maji ya mvua pembeni. Masika mbili zimepita, halijaingia tone.

Zege likiwa bado bichi, chomeka vyuma vya milimita 12 vilivyokunjwa umbo la U, ncha zikiwa zimepinda kwa chini. Mimi niliweka vinne. Viwili ni vya kufungia pikipiki za wateja kwa mnyororo usiku, viwili ni vya kukaza kamba ninapovuta kitu kilichopinda. Ukisahau hapa, baadaye utatoboa kwa dreli na havitakuwa na nguvu ileile.

Sakafu ifunike kwa magunia, uyalowanishe asubuhi na jioni siku 7. Fundi atakuambia siku ya tatu unaweza kutembea juu yake, na ni kweli unaweza. Stendi ya pembeni ya pikipiki si mguu wa mtu. Uzito wote unakaa kwenye kipande kidogo kama sarafu, unatoboa. Nilingoja siku 14 kuingiza pikipiki na 28 kupaka rangi.

Umaliziaji uwe laini lakini usiwe wa kung'aa. Niru iliyosuguliwa hadi inateleza inapendeza sebuleni, ila ikidondokewa na oili inakuangusha ukiwa umeshika injini. Na rangi ya sakafu iwe kijivu cha kupauka. Wengi wanapenda nyekundu. Washa ya shaba au nati yenye kutu ikianguka kwenye sakafu nyekundu inapotea mbele ya macho yako.

Umeme na mwanga

Mtafute fundi umeme mwenye leseni, usimtumie rafiki anayejua kuunga. Mweleze kwamba unataka laini ya gereji itoke kwenye bodi ikiwa peke yake, na swichi yake yenyewe, pamoja na swichi ya usalama inayokata umeme ukivuja. Waya wa milimita 2.5 za mraba kwa soketi, 1.5 kwa taa. Ukipanga kuchomelea siku za mbele, mashine ya kuchomelea ipate waya wake mnene peke yake. Ethi, ule waya unaopeleka umeme uliovuja ardhini, ichimbiwe na ipimwe. Utakuwa umesimama juu ya simenti, mikono ina jasho, umeshika grenda ya chuma.

Soketi zote ziwe mita 1.2 kutoka sakafuni au juu zaidi. Sababu ni ileile ya mvuke wa petroli kutambaa chini, na kila swichi ikiwashwa inatoa cheche ndogo ndani yake.

Mwanga nimeupata kwa njia mbili. Mchana, bati moja la chuma nimelitoa na kuweka la plastiki linalopitisha mwanga, juu ya meza. Usiweke juu ya jukwaa, jua la saa sita litakuchoma kisogo. Usiku, tyubu mbili za LED za futi 4, mwanga mweupe, zikiwa zimefungwa kila upande wa jukwaa na si katikati juu yake. Taa ikiwa katikati, mwili wako ndio unaotia kivuli pale unapofanyia kazi. Kuta nimezipaka nyeupe, isipokuwa mita 1.2 ya chini ambayo nimepaka rangi ya mafuta ya kijivu ili nioshe kwa sabuni.

Usidharau suala la mwanga mweupe. Chini ya balbu ya njano, waya wa kahawia na waya mwekundu uliochakaa wanakuwa ndugu, na mweupe na wa njano huwezi kuwatofautisha. Niliwahi kuunga nyaya za taa za nyuma usiku chini ya balbu, asubuhi nikakuta mteja akishika breki, honi inalia.

Meza, jukwaa na ubao wa spana

Kimo cha meza kinapimwa na mwili wako. Simama wima, kunja kiwiko, shuka sentimita 10 chini yake. Hapo ndipo ubao wa meza ukae. Yangu ina sentimita 94. Miguu ni mbao za inchi 4 kwa 4, juu kuna mbao za inchi 2 kwa 6 zilizobanana, na juu yake nimelaza bati nene la milimita 2 lililokunjwa ukingoni kwenda juu kidogo, ili oili na mipira midogo isidondoke. Jiliwa, ambayo wengi tunaiita vaisi, ifungwe kwa bolti juu kabisa ya mguu wa meza. Ukiifunga katikati, kila ukikaza kitu meza inacheza.

Jukwaa la kunyanyuka kwa haidroliki ni zuri, lakini bei yake ingelipa sakafu na ukuta wangu. Nilichomelewa jukwaa lisilonyanyuka: bomba za mraba za inchi moja na nusu, urefu mita 2, upana sentimita 60, kimo sentimita 45, juu kuna bati lenye vipele. Kuna ubao wa kupandishia unaotolewa, na mbele kuna mashikio mawili yanayobana tairi. Kimo hicho naweza kusukuma pikipiki peke yangu hadi juu, na nikikaa kwenye kigoda injini iko usawa wa kifua. Magoti yangu, baada ya miaka 11 ya kuchuchumaa kwenye vumbi, yamepumzika.

Ukutani weka plaiwudi, tundika kila spana na uzungushie umbo lake kwa rangi. Jioni unatazama mara moja unajua namba 10 haipo, kabla haijaondoka na pikipiki ya mtu ndani ya kava. Kwa bodaboda nyingi, namba 8, 10, 12, 14 na 17 ndizo zitakazofanya kazi nyingi; nunua hizo za chuma kizuri, nyingine zitakuja. Ongeza fila geji ya kupimia nafasi ya valvu, pula ya kuchomolea sumaku na multimita ya kupimia umeme. Mimi nilinunua multimita nikiwa nimechelewa sana, baada ya kubadilisha CDI tatu za watu, vile visanduku vinavyoongoza cheche ya plagi, ambazo hazikuwa mbovu.

Kwa bolti na nati, vibakuli vya plastiki vya kawaida vya jikoni, kila kazi bakuli lake, na namba ya usajili ya pikipiki, ile ya MC, imeandikwa kwenye karatasi ya gundi ubavuni. Usichanganye hata kwa dakika tano.

Kompresa yangu, mashine ya upepo, iko nje nyuma ya ukuta, chini ya kibanda cha bati, bomba ndilo linaloingia ndani. Kelele inabaki nje. Kila jioni fungua koki ya chini itoe maji.

Petroli, oili chafu na moto

Wakati wa mwembe, kijana niliyekuwa namfundisha alikuwa anaosha kabureta kwa petroli kwenye beseni. Mimi nilikuwa kama mita tatu kutoka kwake, nakata chuma kwa grenda. Cheche hazikulifikia beseni. Mvuke ndio uliozifuata cheche, moto ukatambaa chini hadi kwake na kumpanda mguu. Tuliuzima kwa mchanga na turubai. Alipona, lakini kovu bado analo, na mimi kila nikiliona nakumbuka kwamba mwenye kazi nilikuwa mimi. Petroli inatoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Joto la Morogoro la mwezi wa kumi na mbili ni sikukuu kwake.

Kwa hiyo vyuma vinaoshwa kwa mafuta ya taa au dizeli, tena nje. Petroli ya tenki inamiminwa kwenye dumu lenye kifuniko cha kukaza, na dumu linakaa nje kivulini ndani ya kisanduku cha chuma. Grenda na kuchomelea ni nje, na kabla ya kuwasha tenki limetolewa na kupelekwa mbali. Karibu na mlango, si ndani kabisa, kuna mtungi wa kuzimia moto wa unga mkavu, kilo 6, na ndoo mbili za mchanga. Moto wa petroli usiumwagie maji, utausambaza. Namba ya Zimamoto, 114, nimeiandika kwa rangi ukutani ili hata mtoto wa dada aione. Jiko la mkaa la mama lilikuwa uani, hatua chache kutoka mlango wa banda. Tulilihamishia upande wa pili wa nyumba kabla ya pikipiki ya kwanza kuingia.

Oili chafu ndiyo aibu ya kazi yetu. Pikipiki moja inatoa kama lita moja. Ukihudumia tano kwa siku, dumu la lita 20 limejaa siku ya nne. Chini ya mwembe niliimwaga tu ardhini, na hadi leo pale pako peupe, hapaoti hata jani. Hapa nyumbani kuna kisima nyuma, majirani wanachota. Oili ile ina chembe za chuma na masizi ya injini, haifai kumwagwa, kuchomwa wala kumpa mtu akapake mbuzi mwenye upele. Kusanya kwenye dumu lenye kifuniko, liandike, litunze kivulini. Wapo wanaopita kuinunua. Vitambaa vyenye oili weka kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko, usiviache vimerundikana kwenye kona.

Mambo ya karatasi hayana maneno mengi: namba ya mlipakodi kutoka mamlaka ya mapato, TRA, leseni ya biashara kutoka manispaa, na uwaite Zimamoto waje wakague. Waliokuja kwangu walinisogezea mtungi kutoka nyuma ya meza hadi mlangoni, na walikuwa sahihi, maana moto ukianza mezani nisingeufikia.

La mwisho ni wateja. Bodaboda anapenda kusimama juu ya kazi yake aone unachofanya, na ana haki, pikipiki ndiyo shamba lake. Lakini wanne wakiingia kwenye banda la mita 3, sentimita zako 75 zimekwisha, na mmoja wao atawasha sigara. Weka benchi nje, mahali penye kivuli panapoona jukwaa moja kwa moja kupitia mlango. La kwangu liko chini ya mpera, hatua sita kutoka mlangoni, na moja ya zile ndoo za mchanga iko kati ya benchi na mlango.